Mawingu na Ziwa Lisilokuwepo

Mara ya kwanza kumwona alikuwa amesimama nje ya duka langu, pua karibu iguse kioo, akiitazama picha ya dunia niliyoitundika dirishani. Ilikuwa picha kubwa, ya buluu ya kuvutia, na kwa miezi sita ilikuwa imenifanyia kazi nzuri: watu walisimama, wakaduwaa, kisha wakaingia kununua kalenda. Nikamwacha. Mteja aliyeduwaa hakatizwi. Lakini huyu hakuwa ameduwaa. Alikuwa anahesabu kwa kidole.

Akaingia.

"Habari za kazi, mama. Hili wingu lenu lina mapacha."

"Nzuri. Lina nini?"

"Mapacha. Moja hili hapa juu ya bahari, la pili huku kusini, la tatu wamelipindua kichwa chini ili tusilijue, la nne wamelinyoa kingo. Ni wingu moja hilo hilo. Mtu alikuwa na pengo, akaona uvivu kutafuta lingine, akachukua la jirani akabandika."

"Mteja, unanunua au unakagua?"

"Kitu hiki siwezi kununua. Nimekuja kukuomba ukishushe."

Nimeshaombwa mengi katika biashara hii. Nimeombwa punguzo, nimeombwa muda, nimeombwa hata choo. Kuombwa nishushe bidhaa kwa sababu ya wingu ilikuwa mara ya kwanza. Nilicheka, kisha nikasogea kwenye kioo kumwonyesha mlango, na hapo nikaliona. Lilikuwa na umbo la ndoana, na lilikuwa mara nne. Miezi sita nilikuwa napita mbele yake asubuhi na jioni.

Nilimwuliza anafanya kazi wapi. Akasema hafanyi. Alikuwa amefanya miaka kumi na moja katika kituo cha kupokea picha za satelaiti, kule nje ya mji penye masahani makubwa meupe yanayotazama juu, wakamwachisha kwa sababu kila picha iliyopita mikononi mwake ilichelewa.

"Wao walitaka haraka," alisema, akiizunguka kaunta yangu kwa mara ya pili. "Mimi nilitaka iwe sawa."

Nikamwambia akae. Akakaa, goti likaanza kucheza, akasimama tena.

Jina lake halisi sikulitumia hata siku moja. Fundi wangu wa mashine, ambaye humbatiza kila anayekanyaga dukani, alimwita Mawingu kabla hajatoka mlangoni, na jina likamganda.

Wakati huo jumba jipya la sayansi lilikuwa linakaribia kufunguliwa, na Mkurugenzi wake alitaka ukuta wa ukumbi wa mbele ufunikwe na dunia nzima: upana mita kumi na mbili, kimo mita sita. Zabuni ya kuchapa nilikuwa nimeishinda, na mashine nilikuwa nayo. Kilichonisumbua ni picha yenyewe. Zote nilizokuwa nazo, ukizikuza kiasi hicho zinakuwa uji. Nilihitaji mtu wa kunishonea dunia mpya kutoka kwenye picha ghafi za satelaiti, na mtu huyo alikuwa amekuja kwa miguu yake kunigombeza.

Tukapatana siku ile ile, tukiwa wima, kwa kuwa yeye kukaa hakuwezi.

"Nataka mambo mawili," alisema. "La kwanza, nikishakukabidhi picha, asiiguse mtu. Hata rangi. La pili, unifikishe kwa huyo Mkurugenzi, ana kwa ana. Watataka picha mpya kila mwaka, na watataka mtu wa kuitengeneza. Nafasi hiyo naitaka mimi."

"Na mimi nataka tarehe. Ufunguzi ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Siyo Jumapili yake."

"Sawa."

"Na nibaki na haki ya kuchapa ndogo ndogo za kuuza."

"Sawa."

Anayekubali haraka hunitia wasiwasi kuliko anayebisha. Anayebisha unajua wapi panamuuma. Huyu alikuwa ananijibu mdomo tu. Akili ilikuwa imeshaondoka zamani, iko angani huko.

Alikuwa anaishi kwa dada yake mkubwa, muuguzi wa zamu, mwanamke mpana asiyenong'ona. Nilipokwenda kuangalia kazi imefika wapi, dada huyo ndiye aliyenifungulia.

"Wewe ndiye mwenye hiyo dunia?" aliniuliza. "Karibu. Mwambie ndugu yangu na sisi tuliobaki huku chini tunahitaji feni."

Feni pekee ya nyumba ilikuwa imeelekezwa kwenye kompyuta. Diski tisa za kuhifadhia picha zilikuwa zimepangwa kwenye kichanja cha vyombo, kila moja katika nafasi ya sahani, ili hewa ipite katikati. Sahani zenyewe zilikuwa zimehamia kwenye beseni chini ya meza. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kwa unyoofu wa kitanda ambacho hakilaliwi.

"Satelaiti," Mawingu alinieleza akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi, "haioni dunia nzima kwa mkupuo mmoja. Inapita ncha hadi ncha, inapiga ukanda, kama mtu anayefyeka nyasi. Ikirudi, dunia imeshazunguka kidogo, inapiga ukanda wa pili. Na kila ukanda una mawingu yake. Leo hapa kweupe, kesho kumefunga. Kwa hiyo nachukua mwaka mzima. Kila nukta ya ardhi ninayo katika siku nyingi. Naiambia kompyuta itupe siku zenye wingu, halafu katika zilizobaki ichague rangi ya katikati."

"Basi anayefanya kazi ni kompyuta. Wewe unatembea tu."

"Mwambie tena!" dada mtu alipaza sauti kutoka jikoni. "Hapo anapotembea pameanza kufanya shimo!"

Mawingu akatabasamu, hakusimama. Akanionyesha penye mishono. Kanda mbili zimelala ubavu kwa ubavu, moja ilipigwa siku ya vumbi, nyingine baada ya mvua, na mpaka wake unaonekana kama suruali yenye miguu ya vitambaa viwili. Akanionyesha bahari, jua lilipoakisi kama kioo cha gari na kuacha doa jeupe ambalo halimo majini. Akanionyesha mlima wenye msitu ambao mwaka mzima ulikuwa umejifunika. Kompyuta ilikuwa imeshindwa kabisa hapo. Yeye alikuwa amefungua picha zaidi ya mia tatu, moja moja, kwa macho, mpaka akapata siku mbili ambazo wingu lilikuwa limepasuka upana wa ukucha, moja kaskazini ya kilele, nyingine kusini.

"Wiki nzima kwa ukucha," nikamwambia. "Ungechukua msitu wa bondeni hapo ukapandisha, nani angejua?"

"Mimi."

"Na tarehe je?"

Akaniangalia kama nimetaja jina la ndugu ambaye hawasemeshani. Kisha akarudi dirishani, hatua nne.

Ahadi yangu niliitimiza mapema, maana mtu mwenye kitu cha kutarajia hufanya kazi kuliko mwenye shukrani. Wiki mbili kabla ya ufunguzi nilimleta Mkurugenzi dukani kuona kipande cha majaribio. Mkurugenzi alikuwa mtu mfupi, nadhifu, anayeongea kama anasoma ajenda. Alikitazama kipande karibu, akakitazama mbali, akagusa karatasi kwa mgongo wa kidole.

"Nani ametengeneza?"

Nikamsukuma Mawingu mbele. Mkurugenzi alimwuliza maswali matano, na kwa kila swali alipewa majibu matatu.

"Nafasi tunayo," Mkurugenzi alisema mwishoni. "Lakini nimeuliza kule kituoni ulikotoka. Wanasema wewe humalizi. Ukuta wangu ukiwa mzima siku ya ufunguzi, Jumatatu yake uje na vyeti vyako. Usipokuwa mzima, nitajua walikuwa wanasema kweli."

Tangu hapo Mawingu hakutembea tena, alikimbia. Alikuja dukani asubuhi kuangalia wino, akaja mchana kuangalia unyevu wa karatasi, akaja jioni kuuliza kama kuna aliyeigusa picha. Fundi wangu alimwambia, "Kaka, mashine hii ikizaa kabla ya siku zake ujue ni wewe umeishtua." Lakini picha aliileta. Aliileta siku aliyosema, kwa mara ya kwanza maishani mwake, nadhani, na kwa wiki nzima tukachapa vipande kumi na viwili, kila kimoja mita moja kwa sita, na kuvining'iniza vikauke.

Jumatatu ya wiki ya ufunguzi vilikuwa vimekauka vyote. Fundi alikuwa amekwenda kula. Nilibaki peke yangu na dunia, na nikafanya ambalo kila mtu hulifanya: nikatafuta kwetu.

Nilizaliwa ukingoni mwa uwanda wa chumvi. Ni mahali pabaya. Ardhi nyeupe mpaka macho yanauma, hakuna kivuli, na chumvi inakula visigino. Niliondoka nikiwa na miaka kumi na sita, na nimerudi mara mbili tu, mara zote kuzika. Sina machozi nayo. Lakini najua ilipo, kusini ya milima miwili inayofanana na matuta ya godoro, na kwa ukubwa wa ukuta ule ilitakiwa kuwa doa jeupe la upana wa kidole gumba.

Niliiona milima. Chini yake palikuwa na ziwa.

Ziwa zuri, la rangi ya chai ya rangi iliyopoa, lenye kingo laini. Nikasogea. Nikavaa miwani. Katika maisha yangu yote nimeona maji pale kwa wiki moja moja tu, baada ya mvua kubwa, maji ya kufika kifundo cha mguu, yanakuja yanakauka. Sasa yalikuwa yamekaa ukutani kana kwamba watu wanavua humo.

Sikuhitaji kusomea. Nilikumbuka alivyonieleza: kompyuta itupe siku zenye wingu. Nayo wingu inalijuaje? Kwa weupe. Chumvi yetu ilikuwa imetupwa siku baada ya siku kwa kosa la kuwa nyeupe, zikabaki zile siku chache ilipofunikwa na maji.

Nilijua pia kitakachofuata nikisema. Mtu aliyetumia wiki nzima kwa ukucha wa msitu hawezi kuacha ziwa zima. Atarudia hesabu zote, tarehe itapita, nafasi yake itapotea, na zabuni ya mwaka kesho nitaiaga. Nisiposema, nani wa kulalamika? Watu wa kule hawaji kwenye majumba ya sayansi. Nikavua miwani nikanyamaza.

Ningenyamaza mpaka leo kama nisingefanya kosa la kitoto. Jumanne asubuhi alikuja, akapita kwenye vipande akinusa kama mbwa wa forodha, akageuka akaniuliza, "Mama, umeona tatizo lolote?"

Swali lile alikuwa ameniuliza kila siku, na kila siku nilijibu hapana. Siku ile nilichelewa kidogo kujibu. Pumzi moja tu.

"Umeona," alisema.

"Sijaona kitu. Nenda kapumzike."

"Umeona kitu, mama. Kiko wapi?"

"Nikikuambia kuna jambo dogo, utaniahidi kwamba utagusa kipande kimoja tu?"

Sijui nilikuwa nafikiria nini. Nimewafundisha wengi kwamba bei haitajwi kabla ya kujua mwenzako anataka nini, na mimi nikatangaza kuna bidhaa huku nimeificha mgongoni. Hakuahidi. Alisema hawezi kuahidi kitu asichokijua. Nikasema basi hakuna kitu. Akachukua ngazi.

Jumanne nzima alikuwa juu ya ngazi na kioo cha kukuzia. Hakula. Alipata mshono baharini ambao mimi nisingeuona hata nikilipwa. Alipata kisiwa chenye kivuli cha wingu bila wingu lenyewe. Kila alipopata kitu alipiga kelele, "Ndiyo hiki?" nami nikasema hapana, na kila hapana yangu ilimpandisha ngazi tena. Jioni dada yake alipiga simu dukani.

"Umemfanya nini ndugu yangu? Amekuja kuchukua miwani yangu ya kusomea na kuondoka nayo. Nina dawa za kupima hapa!"

Jumatano alikuwepo kabla sijafungua. Macho mekundu, shati la jana. Fundi wangu aliniita pembeni. "Bosi, mwambie tu. Huyu ataanguka kwenye ngazi, na mimi simbebi."

Saa sita mchana nikaweka kidole gumba changu kwenye ziwa. "Hapa pana chumvi. Hapajawahi kuwa na ziwa. Nilizaliwa hapo."

Alitazama. Sikusikia kelele niliyoitarajia. Alikaa chini. Alikaa kwenye sakafu, miguu ameinyoosha, na goti halikucheza.

"Theluji ya ncha zote mbili niliiwekea sheria yake," alisema polepole. "Niliiambia kompyuta kwamba kule weupe siyo wingu. Chumvi nikaisahau. Mama, siyo hapa tu. Ni kila penye chumvi duniani."

"Nilihofia hivyo."

"Uliona lini?"

"Juzi."

Akainuka na kuanza kutembea, nami nikaanza kupigania kilichobaki. Yeye alitaka tuchape vyote kumi na viwili upya. Nilimwambia chumvi isiyofika ukubwa wa punje ya mchele ukutani hakuna jicho litakaloiona. Akasema lake litaiona. Nikamwambia jicho lake halina ofisi, lina siku tatu, na Jumatatu ijayo linatakiwa lipeleke vyeti. Nilitaja vipande viwili. Akataja tisa. Tulibishana mpaka fundi akazima mashine ili asikie vizuri. Tukakutana kwenye vitano: vile vyenye chumvi ya kuonekana kwa mtu aliyesimama sakafuni. Kwenye kompyuta angesahihisha zote, kubwa na ndogo, hilo nilimwachia.

Hesabu mpya za kompyuta zilimalizika Ijumaa adhuhuri. Fundi alikaa kwenye mashine hadi alipoanza kuongea nayo. Kuchapa unaweza kuharakisha, kukausha huwezi. Jumamosi saa nne asubuhi, ukuta wa ukumbi ulikuwa na vipande saba vya dunia na mapengo matano ya plasta nyeupe, marefu kama milango. Fundi alikuwa na wazo lake: "Tuseme mashine iliharibika. Mashine haiwezi kukataa." Nilikuwa nimeshalikubali. Nilikuwa nimevaa na uso wa uongo huo.

Mkurugenzi alikuja na wageni nyuma yake. Alisimama mbele ya mapengo.

"Mmeniletea dunia iliyong'olewa meno," alisema. "Nani alisimamisha kazi?"

Nikafungua mdomo.

"Mimi," alisema Mawingu. Akaeleza chumvi, akaeleza maji, akaeleza kosa kwamba ni lake, yote kwa pumzi moja, akitembea mbele ya wageni kama mlinzi wa lango. Akasema Jumatano ijayo ukuta utakuwa mzima na utakuwa sahihi.

"Kosa hili uliligundua mwenyewe?"

"Hapana. Ni huyu mama."

Mkurugenzi alinigeukia kwa heshima kubwa, na kwa dakika moja niliiona zabuni ya mwaka kesho ikinijia mikono imefunguliwa. Kisha akamgeukia tena yeye.

"Aligundua lini?"

"Jumatatu," Mawingu alisema. "Mimi aliniambia Jumatano."

Mkurugenzi alihesabu kichwani. Mtu yeyote angehesabu. Siku mbili zilitosha kukausha vipande vitano.

Wageni walipoelekea kwenye vinywaji nilimvuta Mawingu shati nyuma ya nguzo.

"Ungesema hukumbuki!"

"Lakini nakumbuka, mama."

"Najua unakumbuka! Ndiyo maana nakwambia ungesema hukumbuki!"

Aliniangalia kwa huruma ya kweli, kama mtu anayeshindwa kumweleza mwenzake njia ya posta.

Ukuta ulikamilika Jumatano ile, kama alivyosema. Kwetu pakawa doa jeupe la kidole gumba, kavu, baya, mahali pake. Nilipita kuliangalia mara moja, kwa sababu ya kukagua gundi.

Jumatatu iliyotangulia, ukuta ukiwa bado na mapengo, dada yake alikuwa amempeleka kwa Mkurugenzi na vyeti, akimsukuma mgongoni, maana yeye alishakata tamaa. Nafasi alipewa. Mkurugenzi alisema kule kituoni walimwambia mtu huyu hamalizi, lakini hawakumwambia kwamba akikosea anakiri mwenyewe. Ana ofisi sasa, na kiti chenye magurudumu, ambacho dada yake anadai hukitumia kuwekea diski. Feni imerudi sebuleni.

Zabuni ya mwaka uliofuata ilikwenda kwa mshindani wangu wa mtaa wa pili, bila barua ya maelezo. Niliomba tena mwaka huu. Kamati ya zabuni ya jumba ilimpa Mawingu sampuli zetu azikague, na nikajipa moyo kwamba ananijua, nimemlisha, nimemfikisha alipo. Yangu ilirudi na duara la penseli kwenye bahari: buluu imeelekea zambarau. Nikampigia simu. Akaniambia kwa adabu zote niangalie vichwa vya wino, cha tatu kutoka kushoto, halafu akaniuliza hali ya fundi.

Kilikuwa cha tatu kutoka kushoto. Tumekibadilisha. Kwa hiyo yeye amepata kazi aliyoitaka, jumba limepata ukuta usiosema uongo, na mimi nimebaki na mashine inayochapa buluu safi kuliko yoyote mjini, pamoja na fomu ya maombi ya mwaka ujao ambayo nimeshaijaza nusu.